Remizi juji anaweza kukupa, lakini siku za apeli hapana

Mama mumoja wa Katuba alifika ku biro yetu ya konsiltasyo ya bure ya baro (chama ya ba avoka), hapa Lubumbashi, akafungua kitambaa akatoa mikanda mbili. Ya kwanza ni hukumu ya parseli yake yenye usiye (mutu wa tribinali mwenye kupeleka mikanda) alimuletea nyumbani. Ya pili aliandikisha kwa kijana wa mashini pale soko: «Bwana Juji, naomba uniongezee mwezi moya kusudi nitafute feza ya avoka.» Tukahesabu tangu siku ya usiye. Siku 34: muda wa apeli, ni kusema kupeleka hukumu ku tribinali ya juu, ulishapita.

Batu mingi banachanganya mambo mbili. Remizi ni kuomba odiansi isogezwe, na ile juji anaweza kukubali, zaidi kama ni mara ya kwanza na uko na sababu ya kweli: haukupewa kopi ya mikanda ya mwenye alikushitaki, ungali unatafuta avoka, ao uko mugonjwa na karatasi ya hospitali iko. Lakini inaombwa siku yenyewe ya odiansi, wewe ao avoka wako. Kubakia ku nyumba na kuja wiki ingine kusema ulikuwa na malaria haisaidie, utakuta balishakuhukumu kwa defo, ni kusema bila wewe kuwako.

Tena angalia siku zenye balikupa mbele ya odiansi. Mu sivili (mashitaka kati ya batu, sawa parseli ao deni) zinapashwa kuwa siku 8 kamili, siku ya kupokea asignasyo (mukanda wa kukuita) haihesabiwe na siku ya odiansi haihesabiwe, na kila kilometa 100 inaongeza siku 1. Mutu wa Kolwezi mwenye banaita hapa, karibu kilometa 300, ni siku 11. Kama balikupa 5, na juji hakutoa ruhusa ya kufupisha, useme pale pale mbele ya kuanza kujibu.

Sasa apeli, ni kingine kabisa. Sivili ni siku 30 tangu usiye anakupa hukumu. Penali (mambo ya makosa yenye sheria inaazibu) ni siku 10 tu, zinaanza siku hukumu inasomwa kama ulikuwako. Kama ni sivili na balikuhukumu kwa defo, kuko opozisyo (kuomba tribinali ile ile isikilize tena), siku 15 kisha kupokea mukanda mu mikono yako. Hizi ni sheria iliziweka, juji hawezi kuziongeza juu ya barua ya huruma. Avoka anaweza kujaribu fos majere (jambo lenye kukushinda nguvu) kama kweli njia zote zilifungwa, lakini kukosa feza haiingie mule.

Na hii njo inaniumizaka: apeli haikuombe uwe tayari! Ni deklarasyo tu, unaenda ku grefi (biro ya mikanda ya tribinali) unasema hukumu namba fulani siikubali, grefye anaandika, sababu na avoka byote bitakuja nyuma. Yule mama angeimaliza asubuhi moya, lakini mukanda ulikaa chini ya matela mwezi muzima akingoja feza.

Mu sivili lakini grefi ni ile ya juu, yenye itasikiliza apeli. Hukumu ya tripe (tribinali ya chini, Tribunal de Paix) unaipeleka ku TGI (Tribunal de Grande Instance), ya TGI (mambo ya parseli mara mingi ni huko) ku Kuru ya Apeli. Usiye akifika, andika tarehe juu ya mukanda na jina ya mwenye aliupokea, hata kama ni jirani, upige foto. Na ku grefi usitoke bila kopi ya akti ya apeli yenye tarehe na sinyatire ya grefye.