Mzee, njoo na daftari: kuamka usiku kwenda haja ndogo si lazima iwe tezi dume

Kwenye kliniki ya mkojo tuna fomu yenye maswali saba. Ilitungwa na chama cha madaktari wa mkojo wa Marekani mwaka 1992, na leo inatumika nchi nyingi. Inauliza kuhusu mwezi uliopita: mara ngapi ulimaliza ukahisi kibofu hakijaisha, mara ngapi mkojo ulikatika katikati, mara ngapi uliamka usiku. Alama zisipozidi 7 shida ni ndogo, kuanzia 8 hadi 19 ni ya kati, na 20 hadi 35 ni kubwa.

Fomu ni nzuri, ila aliyeitunga hakumfikiria mzee wa Lamu. Mkojo unatokaje, mzee? "Alhamdulillahi." Usiku unaamka? "Kidogo tu, alhamdulillahi." Tukijumlisha tunapata 4. Hapo mkewe, aliyekaa kimya tangu waingie, hurekebisha buibui lake na kusema: "Daktari, huyu halali. Mara nne, mara tano ananiruka kitandani."

Simlaumu mzee. Kalelewa kushukuru kwanza, malalamiko baadaye. Daftari la mkojo, la kuandika unachokunywa na unachokojoa, halina adabu hiyo, ndiyo maana nalipenda.

Linavyoandaliwa ni hivi, tukianza na kipimo. Chukua chupa ya maji ya lita moja, uikate shingo. Azima chupa ya maziwa ya mjukuu, ile yenye vipimo, umimine maji mililita 100 ndani ya chupa uliyokata, upige mstari kwa kalamu ya wino mzito. Mimina tena 100, piga mstari mwingine, mpaka ufike 600. Hicho ndicho kipimo chako, na kikae chooni. Kwa siku tatu, usiku na mchana, andika saa uliyokunywa na kiasi, saa uliyokojoa na kiasi. Ukiamka usingizini kwenda haja, tia alama ya nyota. Kama macho hayaoni vizuri, mtoto au mke aandike. Siku za Ramadhani usiandike: kati ya futari na daku mtu anakunywa maji yote ya siku, na daftari litatudanganya.

Sasa tulisome. Tuseme mzee wa miaka 70 amekojoa mililita 1,800 kwa saa 24. Kalala saa nne usiku. Saa sita katoa 300, saa nane 250, saa kumi 200, na alipoamkia sala ya alfajiri 250. Huo wa alfajiri tunauhesabu wa usiku, kwa sababu ulitengenezwa akiwa amelala. Jumla ni 1,000, zaidi ya nusu ya mkojo wa siku nzima. Kwa mtu wa umri wake, usiku ukizidi thuluthi moja tunasema mwili unatengeneza mkojo mwingi usiku. Na tazama kila alichotoa: 200, 250, 300. Kibofu kinajaa na mkojo unatoka wa kutosha. Ukimpasua tezi mzee huyu, ataendelea kuamka vilevile, tena akiwa na kidonda.

Basi tatizo liko wapi? Mara nyingi miguuni. Mtu aliyekaa kutwa barazani miguu ikining'inia, maji hushuka na kujikusanya kwenye vifundo. Akilala, maji hupanda, yanarudi kwenye damu, figo zinayachuja. Bonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba. Pakibaki shimo, umeona chanzo chako. Nyuma yake huenda moyo umechoka, au ni dawa ya presha aina ya amlodipini, ambayo huvimbisha miguu ya baadhi ya watu. Anayekoroma sana na kukatikiwa na pumzi usingizini naye hukojoa sana usiku. Na jumla ya siku ikipita kama lita tatu kwa mtu wa kilo 70, tunapima sukari kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa miguu iliyovimba, jilaze alasiri kwa muda wa saa moja ukiwa umeiinua juu ya mito, ili maji yatoke kabla ya usingizi wa usiku. Kama unameza dawa ya kukojoza, muulize daktari wako kama inaweza kuhamishiwa mchana, usiihamishe mwenyewe. Kisha kuna kahawa chungu ya baada ya Isha. Vikombe ni vidogo, kweli, lakini nani anakunywa kimoja? Simwambii mtu aiache, najua nitakavyojibiwa. Namwomba aisogeze iwe ya baada ya Alasiri.

Daftari la aina ya pili, la mgonjwa mwingine, huwa tofauti kabisa: 80, 60, 90, 70, mchana na usiku, na haraka ya kukimbilia choo. Huyu ndiye wa kupigwa altrasaundi baada ya kukojoa, tuone kilichobaki kibofuni, na hapo ndipo tezi inapoingia kwenye mazungumzo. Tamsulosini hulegeza mlango wa kibofu ndani ya siku chache, lakini inashusha presha, kwa hiyo inuka taratibu kutoka kwenye sijida. Finasteridi husinyaza tezi, na kazi hiyo huchukua kama miezi sita. Wengi huiacha mwezi wa pili wakisema haifai.

Kuna jambo daftari halionyeshi, nalo ndilo linalowaondoa wazee msikitini. Mtu katawadha, kafika safu ya kwanza, akirukuu anahisi tone. Amejikohoza, amepiga zile hatua chache za istibraa, za kuhakikisha mkojo umekwisha, bado. Tone hilo kwa kawaida halitoki kibofuni. Mrija wa mkojo una kona nyuma ya korodani, na misuli inayouminya pale hulegea kadiri umri unavyokwenda, mkojo kidogo unabaki. Ukimaliza haja, weka vidole viwili nyuma ya mfuko wa korodani, bonyeza kwa upole kwenda juu, kisha vuta kuelekea mbele. Rudia mara mbili tatu. Wengi hunirudia wakicheka. Hukumu ya udhu muulize sheikh wako. Mimi ni wa mrija tu.

Kwa kuogopa tone, wengine hujinyima maji kutwa nzima, hata kwenye joto la Machi. Mkojo mzito hukikera kibofu na kuzaa mawe. Kunywa mchana, punguza jioni.

Damu kwenye mkojo haina daftari. Hata ikija mara moja tu bila maumivu, njoo. Yaweza kuwa kichocho, kwa aliyeoga kwenye mabwawa na maziwa ya bara (baharini hakipatikani), yaweza kuwa jiwe, yaweza kuwa saratani, hasa kwa mvutaji sigara.

Na mkojo ukiziba kabisa, tumbo la chini limejaa na hata tone halitoki, usingoje kupambazuke. Aliye Faza au Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, amwamshe nahodha amvushe aje hospitali. Tutakapofika kwenye maswali, tutakuuliza kama umekunywa dawa ya mafua, kwa kuwa baadhi hukaza mlango wa kibofu, na kama umetafuna miraa au muguka. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1995 uliwapima wanaume wenye afya njema wakitafuna miraa, na kasi ya mkojo wao ilishuka. Kwa mwenye tezi kubwa, kasi hiyo haina pa kushukia. Sema ukweli tu, hatumwiti polisi. Mpira wa mkojo ukishawekwa, nafuu huja kwa dakika chache, na daftari utalianza ukishatolewa mpira.