Rozari ya nyumbani mwezi huu wa Oktoba: maelezo kutoka Ofisi ya Katekesi

Mwezi wa Rozari umeanza, na maswali yanayoletwa ofisini kwetu yameongezeka. Wengi wanauliza sala ipi ndiyo yenye nguvu. Wengine wametumiwa ujumbe wa simu unaowaamuru wausambaze kwa watu tisa kabla ya usiku wa manane, la sivyo watapatwa na balaa. Tuseme wazi: Kanisa halina utaratibu huo. Ufute, usimtumie mtu. Na rozari inayoning'inia kwenye kioo cha teksi mwaka mzima bila kusaliwa si kinga ya ajali. Jambo hili tumelieleza mara nyingi mno.

Imani hukua kwa kusali kila siku, saa ileile, pamoja na walio karibu nawe. Ndivyo walivyoishi Wenyeheri Daudi Okello na Jildo Irwa, makatekista (walimu wa dini) vijana wa Paimol, kaskazini mwa Uganda. Alfajiri Daudi alipiga ngoma kuwaita wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kwenye sala ya asubuhi na Rozari. Aliwafundisha katekisimu kwa kuiimba ili wasiisahau. Jua likizama, ngoma ililia tena. Waliuawa kwa mikuki Oktoba 1918, na Papa Yohane Paulo II akawatangaza wenyeheri tarehe 20 Oktoba 2002. Watu wakiwasimulia hutaja mikuki tu, ngoma ya kila alfajiri wakaisahau.

Nyumbani, Ishara ya Msalaba na Baba Yetu vitangulie kabla hujashika simu. Sala ya Malaika wa Bwana mnaijua. Jioni kaeni pamoja, simu ziwekwe kando. Baba anayeongoza fumbo (tukio la maisha ya Yesu au Maria linalotafakariwa) huku akijibu wateja anawafundisha watoto kwamba Mungu anaweza kusubiri. Mwachieni mtoto aongoze kumi moja, yaani fungu la Salamu Maria kumi. Akizidisha Salamu Maria, asikaripiwe. Mkichoka, salini kumi moja kwa utulivu, maana hiyo nayo ni sala kamili mbele ya Mungu. Kabla ya kulala, kila mmoja achunguze dhamiri yake kisha asali sala ya kutubu.

Kuhusu rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, tafadhali someni polepole, maana hapa ndipo watu huchanganya. Anayesali Rozari kanisani, katika familia au katika jumuiya anaweza kuipata, ila asali makumi matano mfululizo, akiyatafakari mafumbo. Awe ameungama, apokee Komunyo, na asali kwa nia za Baba Mtakatifu. Baba Yetu moja na Salamu Maria moja zinatosha. Asiwe ameng'ang'ania dhambi yoyote, hata ndogo. Kuungama mara moja kunatosha kwa rehema kadhaa, mradi kufanyike ndani ya siku 20 hivi kabla au baada. Komunyo na sala kwa nia za Papa hurudiwa kwa kila rehema. Kwa kawaida hupatikana moja kwa siku, kwa ajili yako au ya marehemu, wala huwezi kuipata kwa ajili ya mtu mwingine aliye hai. Haiuzwi. Anayetaka umtumie hela kwa simu ili akupatie rehema, mpelekeeni paroko taarifa zake.

Vijana nao wanauliza kuhusu kuungama kwa WhatsApp. Haiwezekani: nenda kwa padri, ana kwa ana. Kanuni ya 1386 ya Sheria za Kanisa inamwadhibu yeyote anayerekodi maungamo kwa kifaa au kuyatangaza, na padri anayeivunja moja kwa moja siri ya kitubio hutengwa na Kanisa papo hapo. Kwa hiyo msiogope kusema yote. Kanuni ya 989 inadai dhambi nzito ziungamwe walau mara moja kwa mwaka. Walau! Tunasikitika kuona wengi wanakifanya kiwango hicho cha chini kuwa ratiba yao.

Kama nyumbani kwenu hakuna anayejua kuongoza Rozari, mwambieni mwenyekiti wa jumuiya wiki hii. Familia jirani zinaweza kusali nanyi hadi mtakapozoea.