Dawa inayosafiri ndani ya kitufe cha mafuta: maswali na majibu

Munganga wa Bukavu akiandika amfoterisini B ya liposomu, familia huanza kuuliza: kwa nini ile ghali, na kweli inajua njia ya kwenda kwenye ugonjwa?

Liposomu ni nini?
Ni kitufe cha mafuta chenye upana usiofika nanomita 100 (milimita moja ina nanomita milioni moja). Amfoterisini B inaua kuvu aina ya kriptokoka wanaoshambulia utando wa ubongo, hasa kwa watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana. Ile ya kawaida inaumiza figo, inashusha potasiamu na kuleta homa na kutetemeka. Ikifungwa kwenye utando wa mafuta, inabaki humo mpaka ikutane na kuvu, na figo zinapata kidogo tu.

Kwa nini ukubwa una maana hivyo?
Kwa sababu mwili una vichujio vyake. Chembe ya kubeba dawa iliyo chini ya nanomita 6 hivi hutoka na mkojo. Ikizidi 200, bandama inaikamata kirahisi. Chembe ngumu inayozidi mikroni 5 (mikroni moja ni nanomita 1,000) huweza kuziba mishipa myembamba ya mapafu. Hata ile ya katikati, ini huila nyingi. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2016, wa majaribio ya miaka kumi kwa wanyama, ulikuta kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya dozi ndiyo iliyofika kwenye uvimbe wa saratani. Anayekuambia chembe hizi «zinalenga» kama risasi anatia chumvi.

Na umbo?
Seli nyekundu hukimbilia katikati ya mshipa na kusukuma vingine kando. Chembe ya mikroni 2 au 3 husukumwa hadi ukutani, mahali ambapo dawa ya mshipa wenyewe inahitajika. Ya nanomita 100 hubaki imechanganyika na seli. Ya mviringo kamili hufuata mkondo, lakini bapa au ndefu kama kijiti hupinduka-pinduka na kugusa ukuta mara nyingi zaidi. Nyuzi laini na ndefu zimezunguka katika damu ya panya hadi wiki moja. Damu ya mgonjwa nayo ina neno: mwenye upungufu wa damu ana seli chache za kusukuma, na kwa mwenye SS (selimundu) seli ngumu zenyewe huelekea ukutani. Kwa hiyo kilichofaulu kwenye damu ya mtu mzima wa afya si lazima kifaulu kwao.

Si wabandike tu alama inayotambua ugonjwa?
Wanabandika, lakini alama hufanya kazi chembe ikishagusa seli, haiiti kutoka mbali. Tena protini za damu huifunika mara tu inapoingia. Ndiyo maana nyingi hupakwa PEG, polima inayopenda maji, inayochelewesha kufunikwa huko.

Dozi ni ngapi?
Tangu 2022 WHO inapendekeza, kwa kriptokoka wa utando wa ubongo, mg 10 za amfoterisini B ya liposomu kwa kilo, mara moja tu, pamoja na dawa nyingine mbili za kuvu, flusitosini na flukonazoli, kwa siku 14. Mtu wa kilo 50 anahitaji mg 500, yaani chupa 10 za mg 50.

Nini huiharibu hospitalini?
Serumu ya chumvi. Ikigusa liposomu, dawa huganda. Kila chupa iwekwe ml 12 za maji safi ya sindano, itikiswe kwa nguvu sekunde 30, ipitishwe kwenye kichujio cha mikroni 5, kisha iongezwe kwenye glikozi 5% hadi mg 1 au 2 kwa ml. Itiririke kwa saa 2.

Mtego uko hapa: kabla ya dawa, mgonjwa hupewa lita moja ya serumu ya chumvi yenye potasiamu ili kulinda figo. Mrija huohuo usipooshwa kwa glikozi 5%, au kubadilishwa, dawa huharibikia ndani yake. Chupa ambayo haijafunguliwa huvumilia hadi nyuzi 25. Ikiganda barafu kwenye friji, itupwe, kwani utando umepasuka.

Mgonjwa akibanwa kifua, akiumwa ubavu au akivimba uso dakika za kwanza, funga serumu mara moja na umwite munganga. Mara nyingi ni mwili unaikataa liposomu yenyewe, si kuvu wala moyo.