Lithiamu kwa mzee anayesahau: yanayosemwa Kigoma na ukweli wake

"Hiyo dawa ya vichaa, na mama yetu hajawa kichaa." Kauli hii hufunga mazungumzo kabla daktari hajamaliza kueleza habari ya lithiamu. Ni kweli lithiamu imezoeleka kutuliza wagonjwa wa baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, tangu John Cade, daktari wa Australia, alipoandika habari zake mwaka 1949. Lakini dawa moja kutibu maradhi mawili si jambo geni: aspirini ya maumivu ndiyo hiyo hiyo wanayopewa wagonjwa wa moyo. Watafiti wanavutiwa na lithiamu kwa sababu huzuia kimeng'enya (kichocheo cha kikemia mwilini) kiitwacho GSK-3, kinachochangia kuharibika kwa protini ya tau katika ubongo wenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni.

Wengine wamevuka upande wa pili: "Tiba imepatikana!" Agosti 2025 watafiti wa Harvard walichapisha katika jarida la Nature kwamba lithiamu oroteti, aina mojawapo ya lithiamu, ilirudisha kumbukumbu za panya. Panya, jamani.

Kwa binadamu habari ni ya kiasi zaidi. Mfikirie bibi wa Ujiji ambaye kila jioni anafunga nguo kwenye kanga aende "kwao", ilhali yuko kwake, kisha anamshika mjukuu: umeniibia hela ya dagaa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia uliochapishwa 2022 ulihusisha wagonjwa 77 wa Alzheimer kwa wiki 12. Baadhi walipewa lithiamu ya dozi ndogo, wengine kidonge kisicho na dawa. Kuhangaika na fujo hakukupungua kwa kiasi cha kuthibitisha lolote. Zilizopata nafuu ni dhana kama hizo za "nimeibiwa" na hasira za ghafla. Kwa mjukuu anayeitwa mwizi kila siku, hiyo si nafuu ndogo, ingawa si kurudi kwa kumbukumbu.

Na msidhani dawa zote za kutuliza hisia ni sawa na lithiamu. Valproeti, ile ya kifafa, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer kwa miaka 2: haikuzuia fujo, na ubongo wa walioitumia ulisinyaa zaidi.

Linalonitisha kuliko yote ni hili: "Ni chumvi tu, itamdhuru nini?" Chumvi ndiyo, lakini si ya kupikia ya Uvinza. Ya Uvinza ukiizidisha kwenye mboga utampandisha mzee presha bure. Na lithiamu huenda na chumvi hiyo kwenye figo: mzee akikatazwa chumvi ghafla, akiharisha, au akikosa maji, lithiamu hubaki mwilini na kugeuka sumu. Diklofenaki au ibuprofeni ya magoti, ile tunayojinunulia duka la dawa, nayo huipandisha. Kadhalika baadhi ya vidonge vya presha, hasa vya kukojosha. Akianza kutetemeka sana, kutapika, kuyumba au kuburuta maneno, msiseme uzee umezidi. Msimpe kidonge kinachofuata. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kiwango chake hupimwa kwenye damu, na figo na tezi ya shingo hufuatiliwa. Kabla ya kidonge cha kwanza, muulizeni daktari kipimo hicho kitafanyika wapi, na kila baada ya muda gani.