Kuba halihitaji nguzo ya katikati

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya Tanga: eti kuba la msikiti lisilo na nguzo katikati litaangukia watu, na kama bado limesimama basi kuna nguzo imefichwa. Si kweli.

Kuba hubebwa na umbo lake. Uzito hauning'inii katikati, bali huteremka kwa mviringo hadi ukingoni, ambako hutaka kuusukuma ukuta kwa nje. Ndiyo maana mafundi hufunga ukingo kwa mkanda wa zege wenye nondo, au hujenga kuta nene.

Jaribu nyumbani. Chukua chungwa la Muheza, likate nusu, toa nyama, chanja ukingo wa ganda mara nne, kisha lifunike mezani na ubonyeze juu. Ukingo unatanuka. Ufunge kwa uzi, bonyeza tena: linakaza. Uzi ule ndio mkanda.

Kule Roma, kuba la Pantheon, hekalu la kale, lina upana wa mita 43 na tundu wazi kileleni. Nguzo ingeshika nini hapo? Limesimama karibu miaka 1,900.

Nadhani wengi huchanganywa na msitu wa mirunda wanaouona wakati wa ujenzi. Ile hushikilia zege bichi tu, likikomaa, huondolewa.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze, unawatia hofu wazee wetu bure. Cha kuangalia ni nyufa za wima zinazopanda kutoka ukingoni. Ukiziona, mwite fundi mzoefu au mhandisi.