Je, wajua? Mkia wa kondoo wa Ugogo si mtungi wa maji

Niliwahi kuwaeleza watu, tena kwa kujiamini, kwamba kondoo wa Ugogo, yaani Dodoma, huvumilia kiangazi kwa sababu mkia wake mnene umejaa maji. Siku moja nikasimama jirani na mchinjaji akiupasua. Halikudondoka hata tone. Ndani mlikuwa na shahamu tupu, nyeupe, imeshikana kama siagi iliyoganda.

Sikukubali kushindwa. Nikasema mafuta yakitumika mwilini hugeuka maji. Hilo ni kweli, na linashangaza: gramu 100 za mafuta hutoa takriban gramu 107 za maji, kwa kuwa haidrojeni ya mafuta huungana na oksijeni ya hewani. Kasoro ni hiyo oksijeni. Ili aipate, kondoo hana budi kupumua, na kila pumzi anayoitoa katika hewa kavu ya Kongwa, huko huko Dodoma, inaondoka na unyevu wa mwili wake. Ni kama kufunga safari kwenda mjini kudai deni la elfu kumi, nauli ya kwenda na kurudi nayo ikawa elfu kumi. Umelipwa, lakini mfukoni hamna kitu.

Mkia basi ni kihenge cha chakula. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, kama milimita 600 kwa mwaka. Majani yakiwepo, kondoo anaweka. Yakikauka, anachota, na mkia unalegea.

Kwa nini mkiani? Mafuta yakitandazwa chini ya ngozi nzima ni sawa na kulala na blanketi saa saba mchana. Yakirundikwa sehemu moja, mwili uliobaki unapoa. Maelezo mazuri, ila Mongolia nako kuna kondoo wa mkia wa mafuta, na baridi yake inajulikana. Huenda wafugaji nao, kwa kupenda mafuta hayo jikoni, walichagua wenye mikia minono.

Wapo pia kondoo Persia wa kichwa cheusi, ambao akiba yao iko zaidi matakoni. Na Uajemi, yaani Persia, siko walikotoka: asili yao ni Somalia.