Mgonjwa akifa, ni lini daktari ashtakiwe kwa jinai? Maswali na majibu

Kila kifo kilichotokana na kosa la daktari ni jinai?

Hapana. Kuna vifo visivyo na kosa lolote: ugonjwa umeizidi nguvu tiba, au dawa iliyotolewa sawasawa imeleta madhara yanayojulikana. Kuna vifo vya kuteleza, na kuna vya uzembe, na uzembe nao una daraja zake. Watu hupima kosa kwa ukubwa wa msiba. Sheria hutazama daktari alifanya nini, na alikuwa anajua nini wakati ule.

Uzembe wa kulipa fidia na uzembe wa kufungwa vinatofautianaje?

Kwenye kesi ya madai, kwa kawaida familia huonyesha mambo matatu: daktari alikuwa na wajibu kwa mgonjwa huyo, alifanya kazi chini ya kiwango cha mtu wa fani yake, na hilo ndilo lililoleta madhara. Kesi nyingi hufia kwenye hilo la tatu, maana mgonjwa aliyefika hoi huenda angekufa hata kama kila kitu kingefanywa vizuri.

Kwenye jinai, nchi nyingi huongeza la nne: uzembe uwe umekithiri, na uthibitishwe bila kuacha shaka ya maana. Mfano unaotajwa sana ni kesi ya Adomako, iliyoamuliwa kwenye rufaa ya juu kabisa Uingereza mwaka 1994. Mgonjwa alikuwa amelazwa usingizi kwa upasuaji wa jicho, mrija wa hewa ukachomoka kwenye mashine ya kupumulia. Kengele ya kipimo cha presha ililia baada ya takriban dakika 4 na nusu. Daktari wa usingizi akakagua vifaa, akampa mgonjwa dawa ya kupandisha mapigo ya moyo, lakini kiungo cha mrija hakukikagua mpaka moyo ukasimama. Shahidi mtaalamu alisema mtu mwenye ujuzi angeligundua hilo ndani ya sekunde 15. Hukumu ya kuua bila kukusudia ilibaki.

New Zealand ilibadili sheria yake mwaka 1997 ili mashtaka yahitaji kutoka mbali sana na kiwango cha kazi, si kupungukiwa tu. Mahakama ya Juu ya India nayo ilisema mwaka 2005 kwamba mpelelezi atafute kwanza maoni ya daktari asiyehusika, na daktari asikamatwe ovyo kwa sababu tu ameshtakiwa.

Na akichoma dawa isiyo yenyewe?

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa. Chukua vinkristini, dawa ya saratani ambayo huingia kwenye mshipa wa damu tu. Ikichomwa kwenye uti wa mgongo, karibu kila mara huua. Siku hiyohiyo mgonjwa anaweza kuwa na dawa nyingine inayotakiwa uti wa mgongo, na mabomba mawili ya sindano yakawekwa kwenye trei moja. Kosa hili limerudiwa katika nchi mbalimbali, na kuwafunga waliokosea hakukulizuia. Kinachozuia ni kuiweka vinkristini kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri mwaka 2007. Mfuko hauchomwi mgongoni hata na mtu aliyechoka.

Muuguzi mmoja wa Nashville, Marekani, alitoa dawa ya kulegeza misuli mahali pa dawa ya kutuliza mwaka 2017, na mgonjwa akafa. Alitiwa hatiani mwaka 2022, akapewa miaka 3 ya uangalizi bila kifungo. Watetezi wake walilaumu kabati la dawa lililoruhusu kurukwa kwa ukaguzi. Waendesha mashtaka walionyesha kwamba kifuniko cha chupa kiliandikwa onyo, na kwamba dawa ile ilikuwa unga wa kuchanganywa ilhali aliyoitaka ni ya maji. Pande zote mbili zina hoja. Ndiyo maana tunasema uulizwe mfumo kwanza, halafu mtu.

Kwa nini wasifungwe wote ili wengine waogope?

Hofu haimzuii mtu kufanya jambo asilojua kwamba analifanya. Inachofanya ni kumfundisha kuficha: tukio haliandikwi, na mgonjwa wa hatari anasukumwa hospitali nyingine. Lakini aliyepasua akiwa amelewa, aliyefanya upasuaji asioujua wakati mwenye ujuzi yupo, aliyeitwa mara tatu akakataa kuja, au aliyebadili faili baada ya kifo, huyo hajateleza. Afikishwe mahakamani.

Tuna shaka na kifo cha ndugu yetu. Tuanzie wapi?

Ombeni uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi, na kabla maiti haijachomwa dawa ya kuhifadhi, kwa sababu dawa hiyo huharibu vipimo vya sumu. Ombeni kwa maandishi nakala ya faili lote: karatasi ya dawa, ya usingizi, ya presha na mapigo, pamoja na maelezo ya zamu. Marekebisho halali ni mstari mmoja juu ya neno, tarehe na sahihi. Palipofutwa pakaandikwa upya pana maswali. Nanyi andikeni saa kwa saa mlichokiona, leo, kabla hamjasahau.

Leseni ya daktari ni kazi ya baraza la madaktari, fidia ni ya mahakama ya madai, jinai ni ya polisi. Mnaweza kwenda zaidi ya mahali pamoja, ila ulizeni mapema ukomo wa muda wa kufungua madai.

Tulisaini fomu ya ridhaa. Tumejifunga?

Hapana. Fomu ile inahusu hatari mlizoelezwa za upasuaji uliofanywa vizuri. Haimpi mtu ruhusa ya kusahau kitambaa tumboni.